Pwani Iliishia Wapi? Kumsoma Gurnah Nikiwa Kasoli

Msimu uliopita wa pamba nilikuwa nyumbani Kasoli, na kwenye begi nilikuwa na kitabu kimoja tu: Peponi, yaani Paradise ya Abdulrazak Gurnah kama ilivyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Kwa Kiingereza nilikuwa nimekisoma zamani, nikakipenda, nikakisahau. Safari hii nilikisoma nimekalia gunia nje ya ghala, nikimsubiri mjomba wangu apimiwe pamba yake.

Karani alikuwa anaita majina. Kilo kadhaa, toa mbegu, toa dawa ya kunyunyizia, toa sijui nini, inabaki hii. Mjomba hakubishana. Alihesabu hela, akazihesabu tena kana kwamba mara ya pili zingeongezeka, akazitia mfuko wa ndani. Mimi wakati huo nilikuwa nimefika pale ambapo Khalil anamfumbua macho Yusuf: yule tajiri si ndugu yake hata kidogo, na yeye Yusuf yuko pale dukani kwa sababu baba yake anadaiwa. Nikafunga kitabu. Nilijiona mjinga, kwa sababu miaka yote nilikuwa nimekihesabu kuwa kitabu cha Pwani, cha watu wa huko, wenye bahari yao na udi wao. Kumbe kilikuwa kinazungumza habari za ghala.

Kwa ambaye hajakisoma: kilitoka mwaka 1994, kikafika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka huohuo, na mwandishi wake akapata Nobel mwaka 2021. Yusuf ana miaka kumi na miwili, anakaa Kawa, mji mdogo uliochangamka Wajerumani walipoufanya kituo cha kujengea reli, kisha ukadorora. Baba yake ana hoteli ya vyumba vinne isiyolipa. Anakuja mgeni, Aziz, mfanyabiashara anayenukia vizuri na anayempa mtoto sarafu kila akiondoka. Siku moja Yusuf anapandishwa treni pamoja na mgeni huyo, anapelekwa Pwani, anawekwa dukani. Baadaye anachukuliwa kwenye msafara wa biashara kwenda bara, unaoishia kwa mtemi aitwaye Chatu, na huko mambo yanaharibika.

Mji ule wa Pwani hauna jina. Wasomaji wengi huanza mara moja kuutafuta: Tanga? Pangani? Bagamoyo? Na mimi nilicheza mchezo huo. Reli inayoelekea milimani inakuvuta Tanga, maana ile ya Usambara ilianza kujengwa huko mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Misafara inakuvuta Bagamoyo. Ukijumlisha vyote unapata mji usiokuwepo, na nadhani ndivyo mwandishi alivyotaka. Ameijenga pwani yake kwa vipande vya pwani za kweli, akaacha kuipa jina ili usimwambie kwamba msikiti fulani hauko upande huo wa barabara.

Lakini angalia alichokiweka ndani yake. Kuna duka lenye wateja wanaokopa. Kuna ghala. Kuna nyumba kubwa yenye ukuta, na nyuma ya ukuta bustani ya miti ya matunda na maji, anayoitunza Mzee Hamdani, ambaye alipewa uhuru wake akaukataa. Kuna treni. Bahari yenyewe ipo kwa mbali tu, kama jirani mnayesalimiana bila kutembeleana. Ni pwani iliyoipa bahari mgongo, ikatazama bara. Mtu aliyezoea picha za majahazi na minazi ataona ajabu, ila kwa kipindi kile ndivyo uchumi ulivyokuwa umekaa. Pembe ilitoka bara, wabebaji walitoka bara, na nguo iliyowalipa ilipitia pwani bila kukaa.

Na kilichoviunganisha vyote hivyo ni mkopo. Hapa Gurnah hakubuni. Anayetaka kuona utaratibu wenyewe amsome Tippu Tip, ambaye aliandika maisha yake kwa Kiswahili mwenyewe. Mtu yule tunamkumbuka kwa bunduki na watumwa, lakini masimulizi yake yamejaa hesabu: nani kanikopesha, mali ya kiasi gani, nimerudi na frasila ngapi. Nyuma yake alisimama Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Zanzibar. Na forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi ilikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji. Yaani Sultani mwenyewe alikuwa akipokea kwanza na kuacha wengine wakusanye. Pale Bagamoyo alikuwepo Sewa Haji Paroo, aliyewauzia Wazungu nguo, shanga na waya wa shaba, akawatafutia na wapagazi. Tajiri alimkopesha mfanyabiashara bidhaa, mfanyabiashara akamkopesha mdogo wake wa bara, huyo akawakopesha wanakijiji, na mwisho wa mnyororo palikuwa na mtu ambaye hakuwa na kitu cha kuweka dhamana isipokuwa mtoto.

Watoto kuwekwa rehani si chumvi ya mtunzi. Katika njaa za karne ya 19 nyuma ya pwani ya Saadani na Pangani, watu waliwaweka ndugu zao rehani kwa chakula, na mara nyingi rehani haikukombolewa, mtu akahesabiwa mtumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini huku bara Wajerumani hawakuufuta utumwa moja kwa moja. Walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Kuufuta kisheria Tanganyika kulisubiri Waingereza, mwaka 1922. Kwa hiyo Yusuf na Khalil, na Amina dada yake Khalil aliyeingia nyumba ile kwa deni hilohilo, hawakuwa wameteleza kwenye ufa wa sheria. Sheria iliwaona, ikapita.

Sasa, wakati huohuo kulikuwa na pwani nyingine ya kubuni, na hii ilikuwa na mipaka kamili, saini na mihuri. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana Sultani wa Zanzibar anamiliki nini upande wa bara. Wakaandika: visiwa, miji kadhaa ya kaskazini huko Benadir, na mkanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, kutoka mto Minengani, kusini ya Ruvuma, hadi Kipini penye mdomo wa mto Tana. Maili kumi. Si tisa, si kumi na mbili. Ukitoka ufukweni unatembea, asubuhi uko kwa Sultani, mchana umetoka, na hakuna mti wala jiwe lililobadilika.

Mkanda ule uliwekwa rehani na kuuzwa kama shamba. Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa, aliyekuwa ndiyo kwanza amemrithi Barghash, aliikodisha sehemu ya kusini kwa kampuni ya Wajerumani, hasa ili ikusanye ushuru wa forodha. Watu wa Pangani na Bagamoyo, ambao hawakuulizwa, walipigana chini ya Abushiri bin Salim na Bwana Heri hadi wakashindwa. Mwaka 1890 Ujerumani ikalinunua moja kwa moja eneo lile kwa mark milioni nne. Sehemu ya kaskazini ilikodishwa kwa Waingereza mwaka 1895, na bendera ya Sultani ikaendelea kupepea Mombasa juu ya Fort Jesus hadi mwaka 1963, Kenyatta na Shamte walipotia saini kwamba mkanda huo ni wa Kenya. Wapo wazee wa Mombasa ambao neno Mwambao bado linawapandisha damu.

Ukiziweka pwani hizo mbili pamoja, nasema ya Gurnah, isiyo na jina wala ramani, ni ya kweli kuliko ya wanadiplomasia. Wale walifikiri pwani ni ardhi iliyo karibu na maji, kwa hiyo inapimika kwa maili. Aziz anajua zaidi. Kwake pwani inafika popote daftari lake linapofika: Kawa, kwa baba wa Yusuf; kule kwenye miteremko ya mlima, kwenye duka la Hamid Suleiman anayehifadhi mali ya watu na kuogopa; ng'ambo ya ziwa, kwa Chatu. Na Chatu anapoupora msafara, kinachoharibika ni mpaka huo. Amekataa kuwa ndani ya daftari. Anasema, kwa maana, kwamba mliotangulia mlinidhulumu, sasa nalipwa. Kisha anatokea ofisa wa Kijerumani na askari wake na kuamua kesi, na hapo ndipo Aziz, mtu mwenye akili, anaelewa kwamba daftari limehamia mkono mwingine.

Hapo ndipo ninapotoka kitabuni, kwa sababu mimi ni mtu wa upande ambao daftari lilikuwa linaelekea.

Kasoli iko Bariadi, mkoa wa Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012. Mto Simiyu unaingia Ziwa Victoria kwenye Ghuba ya Speke, ghuba yenye jina la Mwingereza aliyefika kusini ya ziwa mwezi Agosti 1858 akitokea Tabora, ambako alimwacha mwenzake Burton anaumwa. Stanley alipita Usukuma mwaka 1875 na mashua yake imekatwa vipande vinabebwa mabegani, akaandika habari za mto wetu na kudhani amepata chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Lakini si Speke wala Stanley aliyetupa jina. Sukuma maana yake ni kaskazini, basi. Ndugu zetu Wanyamwezi walikuwa wakiwaita hivyo watu wa upande huo, kama walivyowaita wa kusini kwa neno dakama. Na Wanyamwezi wenyewe jina lao linanukia Pwani, watu wa upande wa mwezi. Yaani sisi sote ni majina ya mielekeo: mtu fulani alisimama mahali, akanyoosha kidole. Shaaban Robert katika Kufikirika anaipakanisha nchi yake na nchi za maadili, na tulipokuwa sekondari tulicheka. Kumbe ramani tuliyokuwa tunaikalia nayo ilichorwa kwa namna hiyohiyo.

Jambo ambalo riwaya haitakuonyesha ni kwamba kidole hicho kilinyooshwa kutoka pande zote mbili. Kabla wafanyabiashara wa Pwani hawajaingia bara kwa wingi, mapema karne ya 19, misafara iliyoleta pembe ufukweni ilikuwa ya watu wa bara. Wanyamwezi na majirani zao ndio waliofungua njia, wakiwa na viongozi wao na dawa zao za safari. Waliondoka baada ya mavuno, wakarudi kuwahi mvua za kulima. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, anabishana vizuri na wale wanaowachukulia wote kuwa watumwa: kwa sehemu kubwa walikuwa watu huru wa ujira, wenye ufundi na heshima ya kazi yao, waliojua kugoma mzigo ukizidi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo thelathini, na kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni karibu miezi mitatu.

Ndani ya riwaya watu hawa ni umati. Tunamjua mnyapara, Mohammed Abdalla, na ukatili wake. Tunamjua Simba Mwene. Wabebaji wanaimba, wanalalamika, wanaugua, wanakufa, na sikumbuki hata mmoja anayetuachia wazo lake. Sisemi Gurnah amekosea. Anaandika kutokea kwa mtoto aliyeletwa Pwani na kusikia wakubwa wakiwaita watu wa bara washenzi, na neno hilo analiachia liwaumbue wanaolisema. Wahakiki wameonyesha pia jinsi safari ya Aziz inavyofuata nyayo za msafiri wa kweli, Selemani bin Mwenye Chande, ambaye simulizi yake ya bara ilichapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Chanzo kilikuwa cha mtu wa Pwani. Mwanga ukaja kutoka upande huo. Lakini mimi nikiwa nimekalia lile gunia, nilikuwa namtafuta mtu mmoja tu kwenye ule mstari wa wabebaji, ageuke nimwone uso.

Ukoo wetu una mmoja. Babu wa babu yangu, inasemekana, alikwenda Pwani. Hadithi yake ni fupi kuliko sentensi hii: alikwenda Pwani, akarudi. Nimewahi kuuliza, Pwani ipi? Bagamoyo? Saadani? Bibi alinitazama kama mtu aliyeulizwa mbingu ipi. Pwani ni Pwani. Kwa hiyo kabla Gurnah hajaandika mji usio na jina, sisi tulikuwa nao tayari, na kwa sababu inayofanana: mji ule haukuwa mahali sana kama ulivyokuwa kitu ambacho mtu anakwenda kulipwa.

Alichoacha kwa hakika ni maneno. Kila siku ya mnada kwetu, nguo zinamwagwa chini kwenye turubai na watu wanachagua mitumba. Mtumba, zamani, lilikuwa furushi la nguo alilobeba mpagazi mmoja. Pamba yetu ikishachambuliwa inafungwa robota, na robota nalo lilikuwa neno la mizigo ya bidhaa za wafanyabiashara. Nguo iliyopendwa njia nzima iliitwa merikani, kwa kuwa ilifumwa Marekani, huko Massachusetts. Wamarekani walikuwa na mkataba na Sultani tangu mwaka 1833. Hongo ilikuwa ada ya kupita anayotozwa msafara na mtemi, na hili sina haja ya kulieleza limeishia wapi. Basi pamba ya Kasoli inaondoka robota, sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii inauzwa nje ikiwa nyuzi ghafi, na nguo inarudi mtumba. Mpagazi akifufuka leo atababaishwa na malori, lakini mazungumzo ya mnadani atayaelewa.

Na mizani ataielewa zaidi. Miaka ya 1950 hapa Jimbo la Ziwa, wakulima waliona pamba yao ikipungua uzito kati ya kichwa cha mkulima na mizani ya mnunuzi, na wanunuzi wengi walikuwa wafanyabiashara wa Kihindi, wajukuu wa mnyororo uleule. Wakaanza kuweka watu wao wenyewe wa kuhakiki mizani. Kutokana na jambo dogo hilo vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 muungano wa vyama, Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya Paul Bomani, ukawa moja ya ushirika mkubwa kabisa Afrika. Kwa miaka michache daftari lilikuwa mikononi mwa waliokuwa wakiandikwa ndani yake. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika. Vilirudi baadaye, soko likafunguliwa miaka ya 1990, kampuni binafsi zikaingia, na leo mbegu na dawa mkulima anazipata kwanza, hesabu inafanywa siku ya kupima. Wapo wanaoupenda utaratibu huu, na wana hoja: bila mkopo wengi wasingepanda kabisa. Baba wa Yusuf naye angesema hivyohivyo kuhusu hoteli yake.

Nilimsimulia mjomba kitabu tukirudi nyumbani kwa baiskeli, yeye mbele. Alisikiliza vizuri hadi mwisho, pale Yusuf anapokimbia kufuata msafara wa askari wa Kijerumani. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama yule baba alikuwa ameshamlipa Aziz. Nikamwambia hapana, alikufa.

"Na wale waliobeba mizigo?"

Nikasema kitabu hakiwafuati hadi kwao. Akaguna. Tulipofika kwenye kichaka cha mikwaju akashuka, akaanza kunieleza habari za babu yule wa Pwani ambazo sikuwahi kuzisikia: kwamba alirudi na mitumba miwili, si mmoja, na kwamba nguo ile aliibadilisha kwa ng'ombe. Ng'ombe wangapi, hapo ndipo penye kesi. Nyumba ya mke mkubwa inasema watano na mtamba. Sisi wa nyumba ndogo tumepokea kwamba walikuwa wanane, na watatu wakaliwa na wenzetu kabla hawajagawanywa.